Mtani Wangu wa Wisconsin

Kwako Shangazi, na wote hapo Maneromango,

Mimi huku Madison ni buheri wa afya. Kuku wangu niliyemwachia Hamisi nimesikia ameliwa. Hilo lina siku yake.

Shangazi, Jumamosi nimeumbuliwa na mzungu. Sikutukanwa wala sikuibiwa. Nimeumbuliwa kwa shikamoo.

Jirani alinialika kwenye chakula kando ya Ziwa Mendota, akasema nitawakuta wenzangu. Nikavaa shati la kitenge, nikajua leo nitasikia Kizaramo. Kumbe wenzangu wenyewe ni wazee weupe waliowahi kuja kujitolea kwetu na shirika la Marekani la Peace Corps, wale mliokuwa mkiwaita Pisikoo. Bibi mmoja alikuwa amejifunga kanga yenye jina la kumsuta mke mwenza, tena kwa maneno makali, naye amekaa na mumewe wa pekee kwa amani kabisa.

Mbele yangu akasimama mzee wa miaka themanini na ushee. Nikanyoosha mkono, "Hai!" Mkono hakuupokea. Akanitazama kama unavyomtazama mkwe aliyeingia ndani na viatu. Nikajikuta nasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani? Wewe kabila gani?"

Nikamjibu, Mzaramo. Weee! Fimbo akaiangusha. "Mtani wangu! Mimi Mnyamwezi wa Tabora!" Kabla sijameza mate, paja la kuku lililokuwa kwenye sahani yangu likawa mdomoni mwake. Ningesema nini? Utani wetu na wao ni wa tangu misafara ya pembe za ndovu, na mtani akichukua amechukua.

Alifundisha hesabu Tabora kuanzia 1966 hadi 1968. Anakumbuka Azimio la Arusha lilivyosomwa redioni, na wanafunzi wake walivyomuuliza kama naye ni kupe. Wenzake wa mwanzo kabisa, wapima ardhi na wajiolojia, waliingia Tanganyika 1961, mwaka uleule Rais Kennedy alipoanzisha Peace Corps, bendera ya uhuru ikiwa bado haijapanda. Mwaka 1969 wote wakafungasha, Vita vya Vietnam vimeshachafua hewa kati ya serikali mbili, wakarudi 1979.

Nilidhani watajisifu kwa visima na madarasa. Wapi! Walikuwa wanashindana nani aliugua malaria mara nyingi, na nani alikaa ndani ya basi lililokwama siku ngapi. Yule bibi wa kanga alifundisha fizikia Mtwara miaka ya tisini. Siku moja akamjengea mama mwenye nyumba jiko banifu ili kuni zisiishe porini. Siku tatu anakanda udongo. Mama akashukuru, akaita majirani waje kulitazama, wakalisifu sana. Jioni akapika ugali nje kwenye mafiga yake matatu, na wiki iliyofuata kuku akatamia ndani ya jiko.

"Nilileta maendeleo ya kuku," bibi akasema, huku anachambua mchele. Shangazi, mchele wa dukani, wa pakiti, hauna hata punje ya mchanga! Naye ameuweka kwenye ungo, miwani puani, anachambua punje kwa punje kama alivyofundishwa na yule mama. Mimi niliyezaliwa na ungo nyumbani hupika bila hata kuosha. Usimwambie mama.

Kulikuwa na kijana mmoja tu. Yeye ni wa Machi 2020, wakati wa korona, shirika lilipowaondoa watu wake wote duniani kwa mkupuo. Aliacha kuku sita kijijini. Mpaka leo mwenye nyumba wake humtumia picha za vitukuu vya kuku hao kwa WhatsApp. Mimi Hamisi hajanitumia hata unyoya.

Wakati wa kuondoka nikaona nisilale na deni la paja. Nikamwambia mzee, "Mnyamwezi, kazi yenu si kubeba mizigo? Hebu nipelekee hili sufuria kwenye gari." Wazungu wapita njia wakasimama, mmoja nikamwona anaitafuta simu yake. Mzee akacheka hadi akashika meno yake ya bandia, akajitwika sufuria kichwani, akatembea nalo hadi garini bila kulishika. Kisha akanyoosha kiganja, anadai ujira wake. Anataka kuku mzima, wa kienyeji.

Nikamwambia wangu yuko Maneromango kwa Hamisi.

Shangazi, ameshakata tiketi. Anafika Desemba. Mwambie Hamisi aanze kutafuta kuku mwingine, mwekundu, jogoo, mwenye kilema cha mguu wa kushoto, maana nimeshamweleza alivyo.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.