Kopo la Misuli

Jirani yangu amenunua kopo la poda ya protini, kubwa kama ndoo ya rangi. Kila alfajiri anakunywa huku amefumba macho, utadhani mtoto ananyweshwa mwarobaini. Kopo limeandikwa "chokoleti". Chokoleti gani hiyo yenye ladha ya chaki?

Asishangae. Poda ile imetokana na maji yanayobaki jibini ikishatengenezwa, yale ambayo zamani huko Ulaya waliwanywesha nguruwe. Yakishakaushwa hutiwa sukralosi, tamu mara 600 hivi kuliko sukari, na utamu wenyewe ukishika ulimi haubanduki. Naye jirani, kwa ujuzi wake, huikorogea maji ya moto, kama uji! Protini hiyo ikikutana na moto huganda mabonge, kama yai kwenye kikaango.

Kaka, tia maziwa baridi, ndizi mbivu, chembe ya chumvi na iliki. Siagi ya karanga nayo haikatazwi. Ukichoka, mayai manne ya kuchemsha yana gramu 24 hivi za protini, na hayajawahi kujiita chokoleti. Kopo nipe mimi. Litafaa kuwekea unga.