Hongera, Msimamizi

Wanaomsema vibaya msimamizi wa karakana fulani ya samani pale Keko, Dar es Salaam, ni wivu tu. Kopo la gundi ya fomaika linaagiza upake pande zote mbili, usubiri kama dakika 15 mpaka ukigusa isinate kidoleni, ndipo ubandike. Yeye dakika ya pili keshafoka: “Bandika!” Bunge husoma muswada mara tatu; benki humpa mdaiwa notisi; gundi ya bwana huyu haihitaji anasa hizo.

Barakoa nazo kazikataa, na ana hoja. Ni kweli wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka vumbi la mbao kwenye orodha yao ya visababishi mwaka 1995, lakini wao wamewahi kupiga randa lini? Kijana akizibwa pua, atasikiaje harufu ya mninga? Mwenyewe hujifungia ofisini na kiyoyozi, maana lazima abaki mtu mzima wa kuandika ripoti.

Kabati za mwezi jana zimerudishwa, fomaika imebanduka pembeni. Fundi amekatwa mshahara. Msimamizi amepewa cheti cha mfanyakazi bora.