Mlinzi wa Kivuko

Kivuko cha Simba kilikuwa na mlinzi mmoja, naye ni Mamba. Zabuni aliipata kihalali kabisa: hakuna mwingine aliyeomba, na wale wawili waliotaka kuomba walikwenda kwanza kuukagua mto, fomu zao hazikuonekana tena. Mkataba ulimpa ujira wa kila mwezi na eneo la kazi, yaani maji yote yaliyo baina ya gati na gati.

Biashara ilichanganya hadi mvua za vuli. Hapo abiria wakaanza kupungua. Pundamilia walizunguka mwendo wa siku mbili kwenda kuvukia juu kwenye maporomoko, wakirukaruka mawe na watoto wao, wala hawakusema wanakimbia nini. Simba alitazama makusanyo ya nauli, akanguruma, kisha akafanya wanavyofanya wakubwa wakishikwa na wasiwasi: akamwita mtaalamu mwelekezi.

Nyani alifika na tumbili sita, hadidu za rejea zilizoandikwa kwenye jani la mgomba, na ankara ya mikungu minne ya ndizi, malipo ya awali. Na tusimwonee, kazi aliifanya. Mwezi mzima tumbili wake walikaa kwenye gati la ng'ambo, wakimsimamisha kila anayeshuka kwenye chelezo huku maji yakimchuruzika, wakimwuliza, "Ndugu mteja, umeridhika na usalama wa safari yako?" Mnyama aliyekanyaga nchi kavu sasa hivi, na miguu yake yote minne anaiona, ulitaka ajibu nini?

Mama Digidigi alikuwapo hapo gatini tangu Jumatatu. Alishika kifurushi cha majani ya kunde, na kila chelezo kilipotia nanga alisogea hadi ukingoni, akawatazama wanaoshuka mmoja mmoja, akarudi nyuma. Siku ya tatu tumbili mmoja akamkabili na dodoso.

"Mama, umeshuka sasa hivi?"

"Hapana, baba. Namsubiri mwanangu. Alisema anavuka Jumatatu."

"Basi wewe si mteja. Tupishe, unatuharibia foleni."

Dodoso lilikuwa na kisanduku cha ndiyo, cha hapana na cha sijui. Cha hajafika hakikuwamo.

Ripoti ikasomwa mbele ya Simba na wadau wote. Waliohojiwa 371, walioridhika 364. Nyani alikuwa amechora duara zuri, karibu lote amelipaka manjano: asilimia 98. Saba waliobaki walilalamikia nauli.

"Mheshimiwa, hatukumwacha hata mmoja," alisema Nyani. "Kila aliyeshuka tumemhoji. Na katika wote hao, hakuna aliyesema ameliwa."

Makofi yakapigwa. Mamba, aliyealikwa kama mdau, alitokwa na machozi.

Hesabu ya Nyani, niseme kweli, haikuwa na kosa lolote. Ukiirudia leo utapata jibu lile lile. Kosa lilikuwa mahali alipoweka kiti.

Sura ya pili ya ripoti ilihusu majeraha. Abiria 53 walishuka na alama za meno: 30 mkiani, 23 mapajani, shingoni hakuna hata mmoja. Kwa hiyo Nyani alipendekeza kila abiria afungwe gome la mti mkiani na mapajani kabla ya kupanda. Shingo ziachwe wazi ili kubana matumizi, kwa kuwa data inaonyesha shingo hazina tatizo.

Korongo mweupe, yule ambaye kila mwaka hukimbia baridi ya Ulaya akaja kula panzi wetu, akakohoa.

"Kwetu Cluj, mji ambao leo uko Romania, mwaka 1902 alizaliwa Abraham Wald. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938 alihamia Marekani, na wakati wa vita akafanya kazi na kundi la wanatakwimu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1943 aliandika namna ya kuyasoma matundu ya risasi kwenye ndege za kivita zilizorudi. Huwezi kuyasoma, alionyesha, bila kuzitia hesabuni zile ambazo hazikurudi. Pale ambapo ndege zilizorudi hazina matundu, huenda ndipo zilipopigwa zilizoanguka. Sasa, Daktari, hizo shingo..."

"Huyo mtaalamu wako yuko wapi, tumwalike?" aliuliza Fisi, mkuu wa fedha.

"Alifariki mwaka 1950. Ajali ya ndege, huko India."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na ikahesabiwa kuwa Korongo amejibiwa.

Kanga alikuwa bado hajasema. Yeye ni karani wa Idara ya Upakiaji, gati la huku. Kila anapopanda mnyama hutia kokoto moja kwenye kibuyu. Gati la ng'ambo yuko Kwale wa Idara ya Upokezi, naye hutia yake kila anaposhuka mnyama. Vibuyu hivyo havikuwahi kukutana, kwani kila idara ilikuwa na bosi wake, na mabosi hao hawakuwa wakisalimiana. Siku hiyo Kanga na Kwale walivibeba vyote viwili, wakavimwaga sakafuni mbele ya Simba, wakapanga kokoto safu mbili ubavu kwa ubavu. Safu ya Kwale ilikoma. Ya Kanga iliendelea hadi karibu na mlango.

"Waliopanda 412," alisema Kanga. "Walioshuka 371. Arobaini na mmoja sijui wako wapi, Mheshimiwa. Namwuliza mlinzi."

Mamba alitazama dari.

"Arobaini na mmoja kati ya 412," alidakia Nyani, "hawafiki asilimia 10. Kitaalamu hiyo tunaiita hitilafu ya vipimo."

"Tena nauli hulipwa wakati wa kupanda," aliongeza Fisi. "Wote 412 walilipa. Kampuni haijapoteza hata senti."

"Na ya kurudi atalipa nani?" aliuliza Kanga.

Hapo ndipo Simba alipoinua kichwa. Hasara ya mnyama ilikuwa imempita sikioni. Hasara ya nauli ya kurudi ilimwingia. Aliamuru iundwe kamati ya uchunguzi papo hapo, yenye posho, na kwa kuwa uchunguzi wenyewe ungefanyika majini, uenyekiti ukahitaji mjumbe mwenye uzoefu wa mto. Kanga alipendekeza Kiboko. Kura zikapigwa, akapita Mamba.

Taarifa ya kamati ilitoka baada ya wiki mbili, fupi na ya adabu. Mwenyekiti aliwashukuru Kanga na Kwale kwa moyo wao wa kujituma, akawapa pole wafiwa "endapo wapo," kisha akaonya kwamba uamuzi wowote kwa sasa ungekuwa wa haraka mno: 41 ni sampuli ndogo. Aliomba aongezewe.