Mtaalamu Ashuka Kibirizi

Waheshimiwa wachuuzi wa dagaa, mama lishe, bodaboda na wengine wote msiojaliwa vyeo: Mtaalamu amefika hapa Kibirizi, Kigoma. Cheo hicho amejitunuku mwenyewe, baada ya kupitia maandishi yote aliyoyaandika yeye. Leo atawafumbua macho kuhusu akili unde, pamoja na zana zinazomwezesha mtu asiyejua kuandika programu kutengeneza fomu ya oda, jedwali la mauzo au tovuti kwa kugusagusa kioo cha simu.

Mtaalamu huanza na historia, maana historia haimkatizi. Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alitembea miezi kadhaa kutoka pwani hadi Ujiji, amwone kwanza mmisionari Livingstone ndipo aandike. Jasho la bure! Angekuwa na ChatGPT, programu ya akili unde iliyotoka Novemba 2022, habari ingekamilika yeye akiwa bado Bagamoyo: mkutano, maneno ya Livingstone, hata hali ya hewa. Kwamba mkutano wenyewe ungekuwa haujafanyika ni suala dogo la kiutawala.

Wapo wanaolikuza. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hoja zilizojaa kesi zilizobuniwa na ChatGPT, kisha kuzing'ang'ania walipohojiwa. Mtaalamu anaona kosa lao ni moja tu: kumpelekea jaji anayesoma. Programu hizi hukisia neno lipi lifuate lingine; ukweli haukuwamo kwenye mkataba.

Sasa biashara. Mtaalamu ameiagiza akili unde iandike tangazo la dagaa wa Kigoma. Limetoka papo hapo, Kiswahili kimenyooka, dagaa "wabichi kila siku, mwaka mzima."

Mama mmoja wa mstari wa mbele ameuliza: wabichi wa wapi usiku wa mbalamwezi, taa zisipovuta dagaa na mitumbwi ikalala ufukweni? Jirani yake amekumbusha kwamba mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Mtaalamu amejibu kwamba maswali yatapokelewa kwa maandishi.

Mama hakungoja. Ameiambia programu bei ya leo ya gunia, kwamba dagaa wake wameanikwa kwenye vichanja na si mchangani, na kwamba mzigo mwingine hautakuwapo mpaka mwezi ufifie. Tangazo la pili limetoka fupi. Amefuta "Ewe mteja mtukufu", akaongeza namba ya malipo, akalituma WhatsApp pamoja na fomu ya oda inayojijazia jedwali yenyewe. Mtaalamu alipomshauri alipige picha daftari la madeni na kuilisha programu majina yote, amelifunga mkobani. Wateja hawakumruhusu, amesema. Na kweli, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022.

Mtaalamu amelisoma tangazo hilo kwa makini, akatamka rasmi kwamba mbinu hiyo ni yake na itakuwa sura ya tatu ya kitabu chake. Ada ya mhadhara ilipwe kwa noti: mfumo wake wa malipo ya simu bado uko kwa fundi.