Sifa za Mbung'o wa Urambo

Waandishi wa utalii wakifika mkoa wa Tabora husifu asali ya miombo, miembe ya enzi za misafara na tembe la Kwihara alikokaa Livingstone. Huandika hayo wakijikuna, na hakuna anayemtaja aliyewakunisha. Naona ni dhuluma. Anayetoka Urambo mjini kwa baiskeli, akashika njia ya kusini kupitia mapori ya Uyumbu kuelekea Ugalla, akapiga hema huko, mwenyeji wake ni mmoja tu: mbung'o, ambaye wengi wa huko humwita ndorobo. Na adabu ya mgeni ni kumsifu mwenyeji.

Nianze na ukarimu. Wanyama wengine wa porini wakikusikia hukimbia. Mbung'o hukufuata. Yeye huvutwa na chochote kikubwa kinachotembea, ila gari likikaza mwendo humwacha nyuma. Baiskeli iliyofungwa hema, sufuria na dumu la maji kwenye keria, ikikokotwa katika mchanga wa kiangazi, hiyo haimwachi kamwe. Ukishuka kusukuma, mmoja anawaita wenzake wakusindikize. Hutua mgongoni, pale hasa mkono usipofika, na shati halimzuii. Ukimchapa kofi huanguka, hujikung'uta, hurudi, kwa kuwa hana kinyongo. Ukiachia usukani ili umchape vizuri, mchanga unakulaza chini na yeye anakungoja hapo hapo. Mimi nimepanda vilima kwa kasi ambayo hakuna mwalimu wa michezo aliyewahi kuipata kutoka kwangu, na shukrani zote ni zake. (Wilaya hiyo ina kata iitwayo Vumilia, jina sikulitunga mimi.)

Maisha yake ya ndoa nayo ni ya kuigwa. Mbu hutaga mayai kwa mamia akayaacha majini yajitafutie. Mama mbung'o huzaa mtoto mmoja kila baada ya siku tisa au kumi hivi, baada ya kumlea tumboni na kumnywesha maziwa humo humo. Uzazi wa mpango wa aina hiyo wizara nyingi zingeuonea wivu. Na dume lake halijifanyi mtakatifu kama dume la mbu linaloishi kwa utamu wa maua: baba na mama wote wanakunywa damu, haki sawa.

Lakini sifa yake kubwa imo katika historia, na hapo naomba msomaji avue kofia. Kwa nini pembe za ndovu zilitoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo zikiwa mabegani mwa watu? Kwa sababu nagana, ugonjwa anaousambaza mheshimiwa huyu, uliua ng'ombe, farasi na punda njiani. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walitoka Saadani na mikokoteni ya ng'ombe, wakijiona hawawahitaji tena wapagazi. Ng'ombe wakafa, wamisionari wakarudi kuwaomba wapagazi. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akatuma tembo wanne kutoka India, waliofunzwa kubeba mizigo. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hivyo Mnyamwezi akabaki mfalme wa njia, na mtemi Mirambo, kutoka hapa hapa Urambo, alijenga dola kwa kuishika shingo ya njia hiyo mpaka alipofariki mwaka 1884. Ng'ombe wangeweza kuvuta magurudumu hadi Ujiji, sifa ya mpagazi wa Kinyamwezi ingetoka wapi? Mabega ya wapagazi wenyewe, najua, yasingekubali kutia saini sifa hizi.

Wapinzani watataja malale. Kweli yapo, na Urambo imewazika watu kwa ugonjwa huo. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha wakazi wa mapori ya Tabora na kuwakusanya katika makazi mapya kwa ajili ya mbung'o. Ni mdudu gani mwingine amewahi kupewa nchi nzima hivyo? Waingereza hao hao walikuja baadaye na matingatinga, wakafyeka pori la Urambo ili walime karanga, mradi ulioanza mwaka 1947 na kutelekezwa mwaka 1951. Karanga zilishindwa. Mbung'o alirudi machakani, hana deni na mtu. Ugalla ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019, lakini mlinzi wake wa kwanza alikuwa kazini karne nyingi kabla, bila sare, bila posho, akizuia mifugo kwa mdomo wake mwenyewe.

Wazanzibari ndio waliokosa shukrani. Walimwachia mbung'o wa Unguja madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi, yakilelewa Tanga na kumwagwa kutoka kwenye ndege, na tangu mwaka 1996 hajaonekana tena kisiwani. Ng'ombe wa Unguja wamenenepa. Lakini nani leo anapanda baiskeli kwa bidii huko?

Jioni, jua likizama, mwenyeji wa Urambo hufunga kazi kama mtumishi wa umma. Unapiga hema kwa amani, unasonga ugali, unachoma dagaa wa Kigoma, na unagundua kwamba amekabidhi zamu kwa mbu.

Ukiamua kwenda, chukua kopo, litoboe, ulijaze kinyesi kikavu cha ng'ombe kinachofuka moshi na ulitundike nyuma ya keria. Na usivae nguo za bluu wala nyeusi: mitego ya kumnasia mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo.