Shikamoo, Plau ya Chuma Chakavu

Jahazi limesifiwa, mnazi umesifiwa, na hata punda wa Lamu hakukosa wa kumtetea. Anayengoja zamu bado ni mnyonge mmoja mwenye kutu, anayelala nyuma ya mabanda ya Vermont, Minnesota na magharibi mwa jimbo la New York: plau ya theluji iliyoungwa nyumbani ili ifungwe kwenye trekta dogo. Haina nembo wala dhamana. Rangi yake ni ile iliyobaki siku mlango wa banda ulipopakwa, na ilipoisha, upande wa kushoto uliachwa kama ulivyo.

Tuanze na nasaba, maana kwenye baraza asiye na ukoo hapewi kiti. Mwaka 1869 J. W. Elliott, daktari wa meno wa Toronto, alibuni plau yenye gurudumu la mapanga la kusafishia theluji kwenye reli. Mwaka 1925 Arthur Sicard wa Québec akaunda mashine ya kuizoa theluji na kuirusha kando ya barabara. Kung'oa meno hakuhusiani na kusafisha reli, lakini daktari huyo hakuona sababu ya kusubiri ruhusa, na uzao wake wa kiroho nao hausubiri.

Mzee mwingine wa ukoo ni Harry Ferguson wa Ireland, aliyebuni namna ya kufunga zana nyuma ya trekta kwa ncha tatu. Mfumo huo ulienea kupitia trekta la Ford 9N la mwaka 1939, na mkulima wa Mbeya au Narok anauona hadi leo nyuma ya Massey Ferguson. Uzuri wake ni kwamba haubagui: chochote kinachokubali kuingia kwenye pini tatu kimeshakuwa zana. Matrekta madogo ya Ferguson ndiyo mpanda milima Edmund Hillary na wenzake waliyoyavisha minyororo ya kutambalia, wakayabadilisha kwa mikono yao huko Antaktika, na wakafika nayo Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958. Plau yetu haijafika mbali hivyo. Mara nyingi huishia kwenye sanduku la barua la jirani. Lakini damu ni ile ile.

Sasa umbo. Siri ya plau ni mpindo. Bamba bapa husukuma theluji mpaka ikajaa, ikapanda na kumwagikia upande wa pili, yaani kwa dereva. Bamba lililopinda huizungusha: theluji hupanda kwenye mpindo, hujipindua, huanguka mbele, kisha huteleza pembeni, hasa bamba likigeuzwa upande kwa nyuzi 30 hivi. Kiwanda hupinda chuma kwa mashine nzito. Fundi wa nyumbani hutafuta kitu kilichokwisha kupindwa na mwingine. Bomba la kalavati lenye kipenyo cha sentimita 60, likipasuliwa kwa urefu, linatoa plau mbili, moja yake na moja ya shemeji. Mtungi mkubwa wa gesi nao unafaa, ila ni lazima ujazwe maji kabla ya cheche ya kwanza, kwa sababu mabaki ya gesi hayana utani. Wengine hujaribu pipa la mafuta la lita 200. Bati lake ni jembamba, na likikutana na tuta lililoganda ndipo linapopata mpindo wake halisi.

Chini ya bamba hufungwa ukanda wa chuma kigumu kwa bolti, ili ukilika ubadilishwe. Mwenye njia ya kokoto huongeza ustadi mmoja wa kupendeza: huchukua kipande cha bomba, hukichana mfereji kuanzia ncha hadi ncha, kisha hukivisha kwenye makali. Bila bomba hilo, plau huvuna kokoto zote na kuzipanda kwenye majani, zikaoteshwe tena machipuko na mashine ya kukatia nyasi. Kabla ya kutoka, bamba hupakwa nta ya mshumaa au mafuta ya kupikia ili theluji isigande juu yake. Hakuna zana nyingine ya chuma nchini Marekani inayoandaliwa kama chapati.

Gharama? Plau ya kiwandani yenye haidroliki huweza kufika maelfu ya dola. Ya nyumbani ni bure kabisa, ukiacha kando mashine ya kuchomelea, diski za grinda, chuma cha makali, bolti, pini na Jumamosi zote za Oktoba.

Hekima yake huonekana zaidi pale wengine wanapoona kasoro. Plau ya dukani hugeuzwa upande kwa kubonyeza kitufe, na dereva habanduki kitini. Plau ya nyumbani hugeuzwa kwa pini. Humtaka dereva ashuke, apige magoti kwenye theluji, aigonge kwa nyundo pini iliyoganda na amkumbuke Muumba wake. Hakuna kiwanda kilichowahi kuuza ibada kwa bei hiyo.

Plau ya dukani ina springi zinazoruhusu bamba au makali yake kulala pindi yakigonga kitu kigumu, kisha kusimama tena. Dereva wake anaweza kuishi miaka 20 kwenye kiwanja bila kujua jiwe liko wapi. Mwenye plau isiyo na springi hujifunza jiografia ya uwanja wake siku ya kwanza, kwa kifua, kwenye usukani. Na ikiwa imefungwa kwenye mikono ya kunyanyulia ndoo, ikajikwaa kwa pembe moja, mikono hiyo hupinda kidogo. Tangu siku hiyo trekta huegemea upande mmoja, na kila mpita njia hujua mwenyewe amefanya kazi.

Wapo wanaoifunga nyuma, kwenye pini za Ferguson. Hao hupata mazoezi ya shingo asubuhi nzima, kwani macho hutazama nyuma na trekta huenda mbele.

Uzito nao una sifa zake. Matrekta mengi ya aina hii, yenye nguvu za farasi 20 na kitu, hayafiki tani moja, kwa hiyo mbele ya theluji nzito ni plau inayolisukuma trekta. Dawa ni minyororo kwenye magurudumu, pipa la zege nyuma, na matairi yaliyojazwa juisi ya biti ya sukari, ambayo ni nzito kuliko maji na haigandi upesi. Trekta la kigeni, chuma cha jalalani, zege la kumimina mwenyewe na matairi ya juisi: ni karamu, si mashine.

Na kazi je? Hapa mzaha unakaa pembeni kidogo. Njia ya kuingilia gari yenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 4, ikipata theluji ya sentimita 30, inabeba mita za ujazo 36. Kwa kilo 100 kwa kila mita ya ujazo, hizo ni tani 3.6, na theluji iliyolowa huweza kuzidi hapo mara mbili au tatu. Anayeziondoa kwa beleshi huziinua zote kwa mgongo wake, na kila msimu wa baridi madaktari wa Marekani huwaonya wenye matatizo ya moyo waache kabisa kazi hiyo. Plau mbovu kuliko zote, yenye mshono wa kuchomelea uliojaa mashimo, huzisogeza tani hizo mzee akiwa amekaa.

Haijisifu kupita kiasi. Novemba 2022 upepo baridi ulipovuka maji ya Ziwa Erie, yaliyokuwa bado na joto, ukaangusha takriban mita mbili za theluji huko Orchard Park, nje kidogo ya Buffalo, hata mchezo wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Bills ukahamishiwa Detroit. Mbele ya kimo hicho plau ya bomba la kalavati haina la kufanya ila kubaki bandani, na kuujua uwezo wako ni adabu ambayo magari mengi ya fahari hayana. Siku za kawaida hufanya kazi yake mara mbili: ikishamaliza, gari la manispaa hupita barabarani na kuuziba upya mdomo wa njia.

Buffalo, na vilevile Portland huko Maine, kuna familia nyingi kutoka Kongo, na Kiswahili kinasikika huko. Msomaji mwenye ndugu katika miji hiyo, akisikia kuwa ndugu huyo amenunua mashine ya kuchomelea na anaulizia bomba la kalavati, asimkanye. Amkumbushe tu asimwage theluji barabarani, maana majimbo kadhaa, Minnesota likiwemo, yanakataza kwa sheria. Aweke springi. Na marundo ya Desemba ayasukume mbali kadiri awezavyo, kwa sababu yakishaganda, plau ya nyumbani haiyasogezi tena hadi machipuko.