Ruta Iandike Wosia Kabla ya Kisu

Ukimwambia mtu wa Kariakoo "flashi", atakuonyesha kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta. Flashi ya mwongozo huu haichomoki. Ni chipu ya miguu minane iliyolehemiwa kwenye bodi ya ruta, na roho ya ruta nzima imo humo. Mgonjwa wetu ni TP-Link TL-WR841N toleo la 8, mwenye flashi ya megabaiti 4 na RAM ya megabaiti 32. Ni ruta ndogo, na wengi wameichukua wakaiwekea mfumo wa OpenWrt, kisha wakataka kuubadilisha tena. Hapo ndipo kisu kinapotoka alani. Kabla hakijamgusa mgonjwa, mwandikishe wosia.

Anza kwa kumuuliza ana mali gani. Ingia ndani kwa ssh, andika `cat /proc/mtd`, na atakutajia viwanja vyake: u-boot, firmware, kernel, rootfs, rootfs_data, art. Usidhani ni mashamba sita yaliyopakana. Firmware ndiye mama; kernel na rootfs wamo tumboni mwake, na rootfs_data imo tumboni mwa rootfs. Jambo hili ulijue mapema, maana siku ya kurudisha ukimwandika mama kisha ukamwandika tena mtoto kwa nakala ya siku nyingine, umewagombanisha.

Sasa gawa mali. Kernel na rootfs zisikunyime usingizi, utazipakua tena intaneti. Mipangilio yako imo kwenye rootfs_data, na njia yake ya heshima ni `sysupgrade -b /tmp/wosia.tar.gz`. Lakini fanya haraka kuihamishia laptopu, kwa sababu /tmp iko kwenye RAM. Umeme ukikatika, wosia umekwenda na mwenyewe.

Kisha kuna art, na hapa nakuomba uketi. Ni kilobaiti 64 tu, mwisho kabisa wa flashi. Kila redio ya waifai ilipimwa kiwandani peke yake, na matokeo ya vipimo hivyo yakaandikwa hapo. Hakuna tovuti ya kuyapakua. Niliwahi kuletewa ruta ya duka la jirani ambayo art yake ilikuwa imefutwa. Waifai haikuwaka kabisa. Nikaazima art ya ruta nyingine ya aina ileile, ikawaka, ila mawimbi yaliyokuwa yakivuka barabara sasa yaliishia barazani. Wosia wa Kulwa haumfai Doto. Yule mama mwenye duka alinishukuru sana, na shukrani zake ziliniuma, kwa kuwa nilijua kitu alichopoteza kingenakiliwa kwa sekunde chache tu.

Kwa hiyo nakili art. Nakili na u-boot pia, kwani kwenye ruta hii anwani ya MAC inakaa humo. Huhitaji hata kupitia /tmp. Ukiwa kwenye laptopu, andika `ssh root@192.168.1.1 "cat /dev/mtd0" > u-boot.bin`, kisha fanya vivyo hivyo kwa art, ukitumia namba yake kama /proc/mtd ilivyoitaja.

Wosia usiosomwa mbele ya mashahidi ni karatasi tu. Faili la art liwe na baiti 65,536 kamili, la u-boot 131,072. Soma kila kiwanja mara mbili, ulinganishe nakala kwa `sha256sum`. Zikitofautiana hata kidogo, usiendelee. Fungua faili kwa `hexdump -C`. Ukiona ff tupu toka juu hadi chini, umenakili shamba lisilolimwa. Usishangae rootfs_data ikikataa kulingana na nakala yake yenyewe, kwa maana ruta iko hai na inaandika humo huku wewe unasoma. Ndiyo sababu mipangilio tumeichukua kwa sysupgrade.

Kurudisha ndiko kunakoua. Fujio Masuoka wa Toshiba alipoitambulisha flashi mwaka 1984, jina lilitokana na mwako wa kamera, kwa kuwa chipu hiyo hufuta eneo zima kwa mkupuo mmoja. Tabia hiyo haijabadilika. Kuandika kunaweza kugeuza 1 kuwa 0 tu. Ukitaka 1 irudi, sharti ufute bloku nzima, ambayo kwenye ruta hii kwa kawaida ni kilobaiti 64. Ukimwaga faili kwenye /dev/mtd bila kufuta kwanza, maandishi mapya yanakaa juu ya ya zamani, na hakuna atakayeyasoma. Tumia `mtd write`, inafuta ndipo inaandika. Mipangilio irudishe kwa `sysupgrade -r`, kisha uwashe upya.

Kati ya kufuta na kuandika, ruta haina kitu mkononi. Umeme usikatike hapo. Ruta hii inakula volti 9. Itafutie betri yake, hata kama leo mtaani kwenu hakuna mgao.

OpenWrt hufunga u-boot na art zisiandikwe, na ninaipenda kwa hilo. Ikibidi kuzirudisha, utabana chipu kwa kibanio na kuiandika kutoka nje kwa programu ya flashrom. Ukitumia kifaa cha CH341A, kipime kwanza kwa mita: vipo vinavyopitisha volti 5 kwenye nyaya za data, na chipu hii ni ya volti 3.3.

Ruta kubwa zenye flashi ya aina ya NAND ni ukoo mwingine. Chipu zao huweza kutoka kiwandani na bloku mbovu, kwa hiyo tumia nanddump na nandwrite badala ya `cat`. Penye tabaka la UBI tumia ubiformat, inayotunza hesabu ya mara ngapi kila bloku imefutwa.

Mwisho geuza ruta, soma MAC kwenye kibandiko, uyape mafaili jina hilo. Nakala moja ibaki kwenye laptopu. Ya pili itie kwenye kile kidude cha Kariakoo, umkabidhi mwenye ruta mkononi, na umwambie kimebeba nini.